Mkojo badala ya sindano: kipimo cha eksosomu kinaamua nini hasa?

Wanaume wengi huogopa kupimwa tezi dume kwa kidole. Kwa kweli cha kuogopa zaidi ni biopsi ya tezi dume, ambayo mara nyingi sindano hupitishwa njia ya haja kubwa na kunyofoa vipande 10 hadi 12 vya nyama. Baadhi hutokwa damu, wachache hupata maambukizi mazito, na wengi majibu yakirudi hawana saratani ya hatari.

Hapo ndipo ExoDx Prostate, kipimo cha Marekani, inapojitokeza. Haihitaji kidole wala sindano, mkojo tu. Seli zetu hutoa vifuko vidogo mno viitwavyo eksosomu, vyenye upana wa nanomita 30 hadi 150, na utando wake huikinga RNA (molekuli inayobeba ujumbe wa jeni) iliyomo ndani isimeng'enywe. Maabara husoma RNA za jeni tatu, PCA3, ERG na SPDEF, kisha hutoa alama. Chini ya 15.6, daktari anaweza kuahirisha biopsi. Kimekusudiwa wanaume wa miaka 50 na kuendelea wenye PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) kati ya nanogramu 2 na 10 kwa mililita, kiwango kinachowatatiza madaktari wenyewe.

Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kingeepusha asilimia 27 ya biopsi. Ila tazama undani wake. Kati ya waliokuwa na saratani kali, kilinasa asilimia 92. Kati ya wasio nayo, kiliwaondolea shaka asilimia 34 tu. Yaani karibu theluthi mbili ya wasio na saratani kali bado wangechomwa sindano, na wanane katika kila mia ya wenye saratani kali wangeambiwa wasubiri. Anayekiita kipimo cha kugundua saratani anakivika kanzu isiyokienea. Kazi yake ni kupunguza foleni ya biopsi.

Wakosoaji wana hoja nzito zaidi: je, RNA hiyo kweli imo ndani ya eksosomu? Mwaka 2011 ilionekana kwamba sehemu kubwa ya RNA fupi za udhibiti katika damu huandamana na protini, haimo vifukoni. Mwaka 2014 watafiti wengine walihesabu, wakapata kwa wastani chini ya nakala moja ya RNA fupi fulani kwa kila eksosomu. Kwa maoni yangu, hoja hii inawabana hasa wanaoahidi kugundua kila saratani kwa tone la damu. Kipimo cha mkojo kimelinganishwa na majibu ya biopsi zenyewe, kwa hiyo kinasimama hata wanabiolojia wakiendelea kubishana.

Mshindani wake halisi ni MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa nguvu ya sumaku. Utafiti wa PROMIS wa Uingereza, mwaka 2017, ulikadiria kuwa picha hiyo nayo ingeweza kuwaepusha asilimia 27 ya wanaume na biopsi ya kwanza. Mashine ya MRI ni ghali na inataka msomaji mzoefu; kikopo cha mkojo kinasafirishwa.

Kwa Afrika Mashariki hilo linavutia, mpaka ukumbuke nani hasa hufika kliniki. Wengi huja ugonjwa umeshasambaa. Mzee mwenye maumivu ya mgongo na PSA inayopita 50 hayumo katika kundi lililopimwa, na alama ya eksosomu haitabadilisha chochote kwake: anahitaji biopsi ya haraka na dawa zinazopatikana.