Sumaku Imenata, Kwa Hiyo?

Juzi shemeji kaja na bodaboda mpaka barazani, kakumbatia kitu kilichofungwa kwenye khanga kama mtoto mchanga. Kafungua: donge la mviringo, rangi ya kutu, zito.

"Shemeji, safari hii tumetoka."

Eti kimondo. Dalali mmoja hapa Mwanga kampa kwa laki mbili, bei ya udugu. Ushahidi? Sumaku ya spika bovu ilinata.

Sumaku! Jamani, hata kifuniko cha sufuria ya chuma kinanata.

Nikatafuta kigae kilichobaki tulipojenga choo, nikakigeuza upande wa nyuma usiong'aa, nikalisugua donge pale. Ukatoka mchirizi wa rangi ya binzari. Basi, kesi imeisha. Unga wa manjano hivyo ni kutu yenye maji ndani yake. Mchirizi ukiwa mwekundu wa damu iliyokauka, hiyo hematiti, madini ya chuma. Ukiwa mweusi, fikiria magnetiti, madini ya chuma yanayonata sumaku. Dakika moja, bila hata senti tano.

Hakuamini. Tukaleta nyundo. Ndani maganda yamepangana kama kitunguu, na katikati mchanga, mchanga tu! Yaani punje zile zile za mawe ya mchanga tunayoyakanyaga tukiteremka ziwani. Maji yenye chuma hupenya kati ya punje, yakikutana na hewa chuma kinageuka kutu na kuzigandisha. Kazi ya miaka mingi sana, wala haikuhitaji mbingu. Huko Utah, Marekani, watu hukusanya mipira ya namna hii kwa mapenzi tu, na mwaka 2004 roboti ya Opportunity ilikuta vijiduara vya hematiti kwenye sayari ya Mars. Sisi vyetu tunavibandika jina la uongo ndipo tuvione vina maana.

Haya, sumaku nayo ina kazi: isiponata kabisa, sahau kimondo cha chuma. Lakini donge lililoungua hunata pia, na hili lilikuwa na masizi upande mmoja. Naapa limetolewa kwenye tanuri la matofali.

Anayetaka kimondo aende Mbozi, mkoani Songwe. Kile kina tani zipatazo 16, na pale kilipokatwa unaona chuma kinang'aa, si mchanga.

Shemeji kachukua nusu, ataegeshea mlango. "Dada yako asijue bei." Nusu ya pili iko dirishani kwangu, maganda yameelekea ndani, na kila nikipita naigusa.