Gari bovu ni lipi? Kipimo cha Arusha na Moshi kinasahau breki

Ukitamka tu Arusha au Moshi kwamba unatafuta gari, ushauri utakujia kabla hujauomba. Chukua IST, spea zake zimejaa kila duka. X-Trail achana nayo, itakufilisi. Noah hata ukipata shida usiku, asubuhi una mteja. Gari la Ulaya usiliguse kabisa. Wengi wetu tumenunua kwa kufuata maneno haya, na sioni aibu kuyatetea. Kwenye uimara na kwenye thamani, mtaa unajua unachosema. Kwenye usalama hauna kipimo chochote, na hapo ndipo tunapopoteza watu.

X-Trail za mwanzo, zile za 2000 hadi 2007, hazikusingiziwa. Sensa ya krenki ikichoka, injini inazima ghafla ukiwa barabarani, kisha ikipoa inawaka kama kawaida, na fundi akifika anakuta gari halina tatizo. Injini za D4 za Toyota nazo ni pasua kichwa kwa sababu inayoeleweka: petroli inasukumwa moja kwa moja ndani ya silinda na pampu ya presha kubwa, na pampu hiyo haivumilii uchafu. Mafuta ya kidumu yenye maji kidogo yanatosha kuiharibu. Japani, kwa mafuta safi na sevisi ya wakati, injini hiyohiyo ilifanya kazi yake. Hapa inabeba familia na mikungu ya ndizi, inapanda milima ya Kibosho au Machame kwa gia nzito, na inatengenezwa na fundi ambaye hana mashine ya kuisoma. Ubovu wa gari unategemea sana mahali linapoishi.

Land Rover ni mfano mzuri wa hili. Kwenye tafiti za uimara za Marekani na Uingereza, jina hilo limezoea kukaa karibu na mkia. Lakini Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover za kila umri zilizokuja kwenye tamasha lake, na nyingi zilifika kwa magurudumu yake. Land Rover 110 ya zamani inavuja oili, ni kweli, lakini fundi yeyote anaifungua kwa spana na kuifunga jioni hiyohiyo, hata Loliondo. Chukua sasa Discovery 3, inayosimama kwa mifuko ya upepo badala ya springi. Kompresa ikifa, gari linalala chini kama limechoka, na kulinyanyua ni mamilioni. Jina ni moja, ila moja unalimudu na lingine linakumudu. Anayesema "usiguse Land Rover" bila kuuliza ni ipi, hajakusaidia.

Kuhusu thamani nitasema jambo moja tu, maana linaumiza wanunuzi wengi. Tunalipa pesa nyingi kwa herufi ya namba. Gari la namba E linauzwa kama jipya, la namba C linadharauliwa. Herufi hiyo inaonyesha gari limesajiliwa lini Tanzania; haisemi limetengenezwa lini. IST ya 2003 iliyotoka bandarini juzi ni ya 2003 bado, na aliyeitunza ya kwake tangu namba B huenda ana gari zuri kuliko hilo. Soma mwaka kwenye kadi, na uufananishe na lebo za mikanda ya siti, kwa sababu mikanda mingi ina tarehe yake.

Tukifika kwenye usalama, mtaa unanyamaza. Sijawahi kumsikia dalali akiulizwa kuhusu mifuko ya hewa, ile mafundi wanayoiita eabegi. Jaribu hivi ukienda kuangalia gari: washa swichi bila kuwasha injini, utazame dashibodi. Taa ndogo nyekundu ya mtu aliyekaa mbele ya mpira inatakiwa iwake kwa sekunde chache, kisha izime yenyewe. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, shtuka zaidi, maana huenda mtu ameichomoa au ameiziba ili usijue kwamba mifuko ilishafyatuka kwenye ajali na haikurudishwa. Na hata ukiwepo, mfuko wenyewe unaweza kuwa hatari. Kampuni ya Takata ya Japani ilitumia kemikali ya ammonium nitrate kuifyatua mifuko yake. Joto na unyevu wa miaka mingi huiharibu kemikali hiyo, ikalipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Magari mengi yaliitwa na watengenezaji yabadilishiwe mifuko, zikiwemo Corolla, Vitz, RAV4 na Honda Fit za miaka ya 2000, yaani magari tunayoyanunua sisi. Watengenezaji wana tovuti ambako unaingiza namba ya chesisi ukajua kama lako limo.

Wapo watakaosema suluhisho ni kupiga marufuku magari ya zamani. Kenya, ng'ambo tu ya Namanga, hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Sisi tumechagua kodi: gari dogo la miaka 8 hadi 10 linaongezewa ushuru wa asilimia 15, lililozidi 10 asilimia 30. Naielewa hoja hiyo, lakini umri peke yake unadanganya. Global NCAP, shirika linalopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, liliwahi kugonganisha pikapu mbili za Nissan uso kwa uso: Hardbody mpya ya soko la Afrika, na Navara ya 2015 iliyokuwa imetumika Ulaya. Matokeo yalionyesha dereva wa ile mpya angeweza kufa, na wa ile iliyotumika angeweza kushuka mwenyewe. Mtumba ulimlinda mtu kuliko kipya, kwa sababu ulijengwa chini ya sheria kali zaidi.

Na kuna hoja ya kipato, ambayo siwezi kuipuuza. Mtu mwenye milioni kumi na kitu hana nafasi ya kuchagua sana. Noah yake ya 1998 ndiyo inayompeleka mama mjamzito hospitali ya KCMC usiku akitokea Uru. Ukimnyang'anya gari hilo kwa jina la usalama, utamwacha na bodaboda, ambayo ni hatari zaidi. Kwa mwenye gari la kutembelea, mimi naona elimu inatosha.

Kwa gari linalobeba abiria wa kulipa, na kwa lori, msimamo wangu ni mwingine. Abiria hakuchagua gari lile. Hajui kwamba siti zimeongezwa, wala kwamba mkanda umezamishwa chini ya kitambaa. Februari 24, 2024, Kibaoni, Ngaramtoni, lori lilifeli breki likayagonga magari mengine. Watu 25 walikufa. Waliokuwa kwenye magari yale wangekuwa wamechagua Toyota bora kuliko zote, isingewasaidia kitu. Kwenye mteremko kama wa Kikafu, dereva wa Fuso iliyozidishiwa mzigo akikanyaga breki mfululizo, ngoma za breki zinapata moto, laini (vitambaa vya breki) zinapoteza mshiko, na pedali inabaki haina kazi. Akiwa ameweka gia huru kuokoa mafuta, hana hata injini ya kumsaidia kuzuia.

Ubovu wa aina hii hauonekani kwa macho, kwa hiyo stika ya ukaguzi ya kioo cha mbele inayopatikana kwa kutazama taa na matairi haiwezi kuuzuia. Kuna mashine ya kupima breki: gari linapandisha magurudumu juu ya roli, na kila gurudumu linatoa namba ya nguvu yake ya kuzuia. Upande wa kushoto ukipishana sana na wa kulia, inajulikana palepale. Ningeanza na malori, Noah, Hiace na mabasi ya shule, kila baada ya miezi sita, na karatasi yenye namba hizo ibandikwe ndani ya gari mahali abiria anapoweza kuisoma kabla hajalipa nauli.