Shuka la pamba hai: unacholipia kiko shambani

Mtu akikuambia shuka la pamba hai, yaani pamba iliyolimwa bila kemikali za viwandani, ni laini kuliko la pamba ya kawaida, mwulize amejuaje. Mimi nimelalia yote mawili, na taa ikizimwa siwezi kuyatofautisha. Ulaini unatokana na urefu wa nyuzi za pamba yenyewe, zilivyosokotwa na kitambaa kilivyofumwa. Pamba hai yenye nyuzi fupi itakukwaruza kama nyingine yoyote.

Tofauti inaanzia shambani. Mkulima wa pamba hai hapandi mbegu zilizobadilishwa vinasaba, wala hatumii mbolea za viwandani na viuatilifu vya kemikali. Na pamba inapendwa mno na wadudu. Mkorofi wao ni funza wa vitumba, anayetoboa kitumba kabla hakijapasuka na kula kilichomo. Pamba nyingi ya kawaida siku hizi hutokana na mbegu zilizotiwa jeni la bakteria linalomuua funza huyo, mbegu zilizoingia sokoni mwaka 1996. Mkulima wa kilimo hai anabaki na kubadilisha mazao, mitego, mwarobaini na macho yake. Magugu ni jembe. Tena shamba lake sharti likae miaka miwili au mitatu bila kemikali kabla mavuno hayajaruhusiwa kuitwa hai: jasho lote analimwaga, jina bado hajapewa. Ndiyo maana bei ya shuka hilo hainishangazi.

Ila wanaosema ukilalia pamba ya kawaida umelalia sumu ya wadudu, hapo tunaachana. Kabla pamba haijawa shuka hutokoswa kwa soda kali (kostiki) ili kuondoa nta, kisha hung'arishwa na kusuuzwa. Dawa ya shambani inayosalimika humo ni kidogo mno. Aliyeivuta ni yule aliyebeba bomba la kupulizia mgongoni.

Kinachofika kwenye ngozi yako ni kile kilichoongezwa kiwandani. Niliwahi kununua shuka lililoandikwa kwamba halikunjamani. Nilipofungua mfuko, harufu kali ilinipanda puani na macho yakaanza kuwasha. Nililifua mara tatu ndipo likalalika. Mashuka ya aina hiyo mara nyingi hupakwa utomvu wa viwandani wenye kemikali iitwayo fomaldehaidi, ambao huzifunga nyuzi zisijikunje. Pamba hai nayo ikipakwa dawa hiyo itanuka vilevile, na aliyeuza hatakuwa amekudanganya kuhusu shamba.

Kwa hiyo mimi husoma lebo kabla ya kupapasa kitambaa. Alama ya GOTS (Global Organic Textile Standard), kiwango cha kimataifa cha nguo za kilimo hai, inafuatilia pamba tangu inapochambuliwa mbegu hadi shuka linaposhonwa: inakataza fomaldehaidi, inakataza kung'arisha kwa klorini, na ili bidhaa iitwe hai lazima angalau asilimia 95 ya nyuzi ziwe za kilimo hai. Kuna daraja la chini linaloanzia asilimia 70, na hapo wengi hupitiwa. Alama nyingine, OCS (Organic Content Standard), inathibitisha tu kiasi cha pamba hai kilichomo. Rangi na dawa za kiwandani haziihusu. Alama ya tatu, OEKO-TEX Standard 100, inapima kemikali kwenye bidhaa iliyokamilika, bila kuuliza ililimwaje. Kama shida yako ni ngozi ya mtoto tu, shuka la pamba ya kawaida lenye alama hii ya mwisho linatosha kabisa. Najua wauzaji wa pamba hai hawapendi kusikia hivyo.

Vyeti navyo si msahafu. Mwaka 2020 GOTS wenyewe walitangaza kugundua udanganyifu nchini India: tani 20,000 za pamba zilizopitishwa kuwa hai kwa hati za kughushi. Tangu hapo natafuta namba ya leseni kwenye lebo na kuihakiki kwenye orodha yao, kazi ya dakika mbili. Shuka nililonalo sasa namba yake ipo. Halinuki chochote, na kila asubuhi linaamka limekunjamana kuliko mimi.