Saketi ya Etheneti kwenye mitambo ya fiba: itengewe njia au ishiriki?

Mteja akiomba laini ya Etheneti kati ya vituo viwili, mhandisi wa mtandao wa fiba ana njia mbili. Anaweza kumkatia fungu ndani ya SDH au OTN, mifumo ya kusafirisha data kwenye fiba kwa mafungu ya ukubwa maalumu, likawa la mteja huyo peke yake usiku na mchana, litumike lisitumike. Au anaweza kumwingiza kwenye mtandao wa pakiti (vipande vidogo vya data) unaoshirikiwa na wengi, ambako swichi hugawa nafasi kadiri fremu, yaani pakiti za Etheneti, zinavyofika. Siku hizi anayetetea njia ya kwanza huonekana amepitwa na wakati. Mimi naamini saketi iliyotengwa bado ina kazi zake, na kwamba sehemu kubwa ya lawama inayobebeshwa inatokana na namna inavyofunguliwa.

Tuanze na upotevu wa nafasi, lawama iliyokuwa ya haki kwa muda mrefu. Kontena kubwa za SDH, yaani mafungu yake ya kubebea data, hukua mara nne nne. VC-4 moja hubeba megabiti 149.76 kwa sekunde, VC-4-4c karibu 600, VC-4-16c karibu 2,396. Etheneti ya gigabiti haienei kwenye ya pili, basi hupewa ya tatu, na zaidi ya nusu ya nafasi iliyolipiwa hubaki tupu. Hali ilibadilika ilipowezekana kufunga pamoja VC-4 saba zinazosafiri kila moja kivyake: jumla yake ni megabiti 1,048, na gigabiti inakaa humo karibu bila pengo. Laini ya megabiti 10 inatoshwa na VC-12 tano, kontena ndogo za takriban megabiti 2 kila moja. Juu ya hapo kuna utaratibu wa LCAS, unaoongeza au kupunguza kontena huku huduma ikiendelea, na unaoiondoa iliyokufa ili zilizobaki zibebe mzigo.

Mbinu hiyo nayo ina gharama. Kontena za kundi moja zikipitishwa njia tofauti, upande wa kupokea lazima uisubiri iliyochelewa. Mwanga ndani ya fiba hutumia takriban mikrosekunde 5 kwa kila kilomita, kwa hiyo njia iliyozidi kwa kilomita 100 huleta tofauti ya nusu milisekunde. Kadi ya kifaa kinachopokea hustahimili tofauti hiyo hadi kikomo chake. Ikivuka hapo, kundi haliungani.

Watetezi wa saketi walizoea kujivunia kurejea kwa huduma ndani ya milisekunde 50 fiba inapokatika. Hoja hiyo ilikuwa nzito wakati swichi zilitegemea itifaki ya zamani ya mti (STP), inayozuia data kuzunguka bila mwisho, iliyoweza kuchukua sekunde 30 hadi 50 kurejesha huduma. Sasa pete za Etheneti (swichi zilizounganishwa kwa duara) za kiwango cha G.8032 zimekusudiwa kufikia milisekunde 50 hizo hizo. Hoja hiyo tuiache.

Inayobaki ni uthabiti wa ucheleweshaji, na hapa ndipo saketi inapostahili kutetewa kwa nguvu. Rilei za kulinda laini za umeme wa msongo mkubwa, vifaa vinavyoizima laini yenye hitilafu, hulinganisha mkondo wa ncha mbili kwa wakati uleule. Nyingi hupima muda wa kwenda na kurudi, kisha huugawa kwa mbili, zikichukulia kwamba kwenda na kurudi ni sawa. Foleni za pakiti zinaweza kuvuruga hesabu hiyo, lakini hata saketi inaweza. Ulinzi wa SDH wa aina ya SNCP, unaohamishia saketi kwenye njia ya akiba, ukiwekwa wa upande mmoja, huhamisha mwelekeo ulioharibika tu. Mwelekeo mmoja ukirefuka kwa kilomita 200, hiyo ni milisekunde 1. Rilei inakosea kwa nusu yake, na kwenye umeme wa hezi 50 hilo ni kosa la nyuzi 9 kati ya 360 za mzunguko mmoja. Laini nzima ya umeme inaweza kuwa karibu zaidi na kuzimwa bila hitilafu yoyote. Kwenye mitambo inayouruhusu, uhamaji wa pande zote mbili ni chaguo dogo tu kwenye skrini ya usanidi, na kulipuuza hapa ni uzembe.

Chaguo jingine linalosahaulika ni kuzima mlango wa mbali, yaani tundu la Etheneti la upande wa pili. Kebo ya mteja ikikatika upande mmoja, SDH yenyewe haina tatizo, na mlango wa upande wa pili unaweza kubaki ukiwaka. Ruta iliyo pale huendelea kutuma data isiyofika popote, mpaka muda wa itifaki uishe. Kwa OSPF, itifaki ambayo ruta hutumia kutafuta njia, kawaida ni sekunde 40. Mfumo wa GFP, unaofungasha Etheneti ndani ya SDH, una ujumbe wa kuarifu hitilafu ya mteja, na ninaona unapaswa kuwashwa kwenye kila saketi inayoishia kwenye ruta.

Kwa upande wa pakiti, hoja iliyo wazi kabisa ni idadi. Vituo 20 vikitaka kuzungumza kila kimoja na kingine moja kwa moja, zinahitajika saketi 190. Hakuna sababu ya kumfanyia hivyo mteja ambaye data yake ni barua pepe na mafaili, inayopanda asubuhi na kulala usiku. Huyo ashiriki.

Ila kuzeeka kwa mitambo ya SDH kusichukuliwe kuwa kifo cha saketi. Mwaka 2009 kiwango cha OTN kiliongezewa ODU0, fungu la gigabiti 1.244 kwa sekunde lililopimwa kwa ajili ya Etheneti ya gigabiti. Anayehama SDH leo anaweza kubaki na njia yake iliyotengwa, na maswali yale mawili, la uhamaji wa pande mbili na la mlango wa mbali, ayaulize upya kabla ya kusaini.