Mwenza kliniki: anapimwa, hafundishwi

Hii ishu ya mjamzito kuambiwa "njoo na mwenza" hudhurio la kwanza imezoeleka sana Tanzania, na asiye naye anaambiwa akachukue barua serikali ya mtaa. Wanaoitetea wana hoja kwa kweli. Wakipimwa VVU na kaswende wote wawili hakuna wa kurudi nyumbani na siri, na mtoto analindwa mapema. Halafu hela ya bajaji saa nane usiku mara nyingi iko mfukoni kwa baba, sasa kama hajui kwamba kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu ni dalili za kifafa cha mimba si atasema "lala kwanza, tutaenda asubuhi".

Haya, upande wa pili. Kuna aliyekimbiwa mimba ikiwa changa, kuna ambaye mume yuko machimboni Geita, kuna binti ambaye aliyempa mimba hataki hata kutajwa. Huyu ukimtuma kwa mwenyekiti umeshamtangaza mtaa mzima, anaona bora akae, anakuja kuanza kliniki mimba ina miezi sita wakati alitakiwa aanze kabla ya wiki 12. Wengine wanamlipa bodaboda ajifanye mume, sio utani, watafiti walishalikuta hilo kusini mwa Tanzania, yaani damu ya mume wa kukodi ndio inajaziwa kadi! WHO (Shirika la Afya Duniani) wenyewe 2015 walipopendekeza wanaume washirikishwe walisema iwe kwa kuheshimu maamuzi ya mwanamke, na barua ya serikali ya mtaa mi sioni inaheshimu nini.

Ila kinachonikera zaidi, huyo baba akishafika anafanywa nini? Anatolewa damu, anarudi benchi la nje kuchezea simu, huku mkewe ndani anapimwa presha, anapewa SP (dawa ya kukinga malaria) na vidonge vya kuongeza damu, anatajiwa dalili za hatari peke yake. Majibu ya kipimo cha haraka yanachukua kama dakika 15 hadi 20, muda huo nesi angeshamweleza vizuri tu lini akimbize mtu hospitali bila kusubiri kukuche. Na asiye na mume achague mwenyewe wa kuja naye, mama, dada, shosti, maana uchungu ukianza ndio huyo atakayegonga mlango wa dereva. Mume wa machimboni apimwe akirudi, kliniki haihami.