Tuta la reli ya karanga tupeni sisi wa baiskeli

Mwezi uliopita nilitoka Mtama asubuhi na mapema naenda Mingoyo, baiskeli nimeipaka grisi, mnyororo unaimba, nikajiambia leo nitanyonga kwa raha zangu kabla jua halijakolea. Sikufika mbali. Lori likaja nyuma honi haikatiki, mbele linakuja lingine, na pale kati nafasi iliyobaki haimtoshi hata kuku, basi nikashuka zangu pembeni kwenye kokoto, tairi la mbele likateleza, goti likachubuka, na dereva wala hakugeuka kuangalia. Na mi simlaumu sana yeye, mana barabara hii ya Masasi kwenda Mtwara ina mzigo wake siku hizi: kuna korosho msimu ukifika, kuna makaa ya mawe yanatoka huko Ruvuma kwenda bandarini, kuna mabasi yanayokimbizana na muda. Mwenye baiskeli pale ni mgeni asiyealikwa.

Nikawa nakokota baiskeli huku nachechemea, nikaingia kijia cha bondeni kutafuta mtu wa kunipa maji ya kuosha goti. Nikamkuta mzee kakaa chini ya mwembe anasuka mkeka. Shikamoo babu. Marahaba mjukuu wangu, umepigana na nani? Nikamsimulia. Akacheka, akasema sasa wewe unahangaika na lami ya nini wakati njia ya garimoshi hiyo hapo imelala. Akanionyesha kwa mdomo, kama wazee wetu wanavyoonyesha. Nikatazama naona kichuguu kirefu tu kina majani. Nikapanda juu yake, ndo nikaelewa. Tuta. Limenyooka, halina kona ya ghafla, upana wake gari moja lingepita, limekata katikati ya mashamba likaingia kwenye miti kama mtu kalichora kwa rula. Babu anasema wakiwa watoto walikuwa wanalikimbilia treni wanapunga mikono mpaka linapotelea.

Kwa mlio vijana, historia yenyewe fupi. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walikuwa na shida ya mafuta ya kula, wakaja na mradi wa karanga mwaka 1947, wakachagua Kongwa, Urambo na Nachingwea kwetu huku. Kwa ajili ya kutoa hizo karanga wakajenga reli, mwanzo ikianzia Mkwaya kwenye maji ya Lindi, baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara, na tawi likaenda Masasi. Karanga zenyewe zikagoma, mradi ukafutwa mwaka 1951, reli ikajikongoja miaka kadhaa bila mzigo wa maana, na mwanzoni mwa miaka ya sitini ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Bandari tukabaki nayo, mpaka leo inatulisha. Tuta ndo hilo limeachiwa mbuzi.

Sasa maoni yangu ni haya, na najua kuna watu watanicheka: hilo tuta, vipande vyote ambavyo bado vipo, liwe njia ya baiskeli na waenda kwa miguu, pikipiki marufuku, gari marufuku.

Sijaota. Hispania wanafanya hivyo tangu 1993, wamechukua reli zilizokufa wakazigeuza njia za baiskeli, leo wana zaidi ya kilomita 3,000. Kuna moja huko Andalucía inaitwa Vía Verde de la Sierra, kilomita 36 hivi, ina mahandaki 30 na madaraja marefu manne, inapita kwenye vilima na mabonde ya mito na jabali moja wanapoishi tai mizoga kibao. Kinachonichekesha ni kwamba reli ile haikuwahi hata kukamilika, treni halijawahi kupita hata siku moja, walichimba mahandaki wakaishiwa wakaacha. Na bado watu wanatoka nchi za mbali kwenda kuendesha baiskeli humo, wanalala, wanakula, wanaacha hela. Sisi letu lilipita treni kweli, na wazee walioliona bado wanapumua. Uingereza nako, hao hao waliotujengea, wana njia ya Bristol mpaka Bath, kilomita kama 21 juu ya reli ya zamani, na waliitengeneza kwa kiasi kikubwa watu wa kujitolea wenye makoleo.

Kwa nini tuta la reli na si kijia chochote? Mwenye baiskeli atanielewa haraka. Treni halijui kupanda mlima. Likipanda mita mbili kwa kila mita mia tayari linahema, kwa hiyo wahandisi walilazimika kuukata mlima, kujaza korongo, kuzunguka kilima taratibu. Matokeo yake unanyonga na baiskeli yako isiyo na gia, ile nyeusi ya keria pana, na umebeba gunia, na huhitaji kushuka kukokota. Linganisha na zile njia za kupanda Rondo au kutoka bondeni kwenda Newala, pale hata kijana wa miaka ishirini anashuka anasukuma huku anamtaja Mungu (siyo kwamba sizipendi, Rondo ukifika juu ule ubaridi na ile miti, na komba wake wadogo wanaolia usiku, unasahau mapaja yanavyowaka, ila siyo njia ya kila siku).

Na hapa ndo nataka nieleweke, mana nikisema njia ya baiskeli watu wanafikiria wazungu wamevaa kofia za plastiki na suruali za kubana. Waje, karibu sana, tuwauzie madafu na ming'oko. Lakini nani anaendesha baiskeli Lindi na Mtwara? Ni mwanafunzi anayetoka kijiji cha tatu kwenda sekondari. Ni jamaa wa madumu ya maji, manne nyuma, anatembea pembeni kashika usukani. Ni mkulima na magunia yake ya korosho anawahi ghalani. Ni mama anampeleka mtoto kliniki, kafungwa mgongoni. Hawa wote leo tumewapanga kwenye lami moja na lori la makaa ya mawe, afu akigongwa mtu tunasema bahati mbaya.

Kuna rafiki yangu kanipinga, kaniambia wewe unaongelea baiskeli wakati reli mpya ya Mtwara kwenda Mbamba Bay ipo kwenye mipango, utawaambia nini? Nitawaambia karibuni. Reli ya kisasa inataka njia pana na kona za kwake, na pale itakapolitaka tuta la zamani tutasogea, njia ya baiskeli haina msingi wa zege kusema utavunja kwa baruti. Mwingine akasema baiskeli ni umaskini, tuombe lami. Huyo sikumjibu, nilimwangalia tu kitambi.

Gharama yenyewe si ya kutisha. Kufyeka, kusawazisha, kumwaga changarawe, kuweka vigingi viwili kila linapokatiza barabara ili bodaboda asipenye (ingawa bodaboda wetu nawajua, hata uweke vigingi vitatu watapenya). Kazi ngumu ni makorongo. Nilifuata kile kipande kama saa nzima nikakutana na pengo, kalavati limesombwa na mvua zamani, nikabeba baiskeli begani nikashuka nikapanda. Tope mpaka kwenye spoki. Pale panataka daraja dogo la mbao, mafundi wa mbao tunao. Baada ya hapo ni miti mitupu, tumbili, ndege, na chini kule bonde la mto Lukuledi unaona mpunga wa watu umekaa kijani, na husikii honi. Nilisimama nikanyamaza tu, goti lenyewe nilishalisahau.

Ila nilichokiona nikirudi ndo kimenifanya niandike haraka. Juu ya tuta, kipande cha mbele kidogo ya kwa babu, mtu kapanda miche ya mikorosho, mistari miwili, imepimwa vizuri kabisa. Simlaumu, ardhi imekaa haina mwenyewe miaka sitini, nani asingepanda. Lakini halmashauri zikitaka kuweka mipaka ziweke sasa hivi kwa kamba na rangi, bado ni miche. Mikorosho ikishaanza kuzaa, utamlipa fidia mti mmoja mmoja.