Mtoto maskini wa Marekani: friji anayo, shida iko wapi?

Picha ya nyumba ya familia maskini ya Marekani ikizunguka mitandaoni, maswali huwa yaleyale: friji ipo, televisheni ipo, gari limeegeshwa nje, huo ni umaskini gani? Swali si la kijinga. Huko huko Marekani wapo wanaouliza hivyo, tena wasomi. Mtoto anayeitwa maskini kule ana maji ya bomba, umeme, shule ya bure mpaka darasa la 12, na mara nyingi bima ya afya ya serikali. Ukimpima kwa vitu vilivyomo ndani, mtoto wa Tandale au Kibera hana cha kumwonea huruma. Mpime kwa kinachotokea mwezi ukifika tarehe 20, hapo ndipo hesabu inapogeuka.

Mstari rasmi wa umaskini kwa familia ya watu watatu mwaka 2025 ulikuwa dola 26,650 kwa mwaka. Kipimo hiki kilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Mollie Orshansky, mtumishi wa idara ya hifadhi ya jamii. Alichukua gharama ya mlo wa bei ya chini akazidisha kwa tatu, kwa sababu uchunguzi wa 1955 ulionyesha familia zikitumia theluthi ya kipato kwa chakula. Tangu hapo huongezewa mfumuko wa bei tu. Wanaosema umaskini umetiwa chumvi hulalamika kwamba kipimo hakihesabu kadi ya chakula (kadi ya serikali ya kununulia chakula) wala marejesho ya kodi ya mapato wanayopewa wafanyakazi wa kipato kidogo. Wanaosema umepunguzwa hulalamika kwamba kodi ya nyumba imepaa kuliko chakula, na mstari ni uleule Mississippi na New York. Wote wana haki.

Tumchukue mama mwenye watoto wawili, analipwa dola 15 kwa saa, saa 40 kwa wiki bila kukosa hata siku. Kwa mwaka ni dola 31,200, kwa hiyo kitakwimu si maskini. Kwa mwezi ni 2,600 kabla ya makato, na tuseme 1,600 zinakwenda kwenye nyumba, umeme na maji. Kadi ya chakula ya SNAP, iliyorithi stempu za chakula za zamani, itampa kama dola 400. Kwa viwango vya 2025, familia ya watatu ilipata 768 kwa juu kabisa, kisha hupunguzwa asilimia 30 ya kipato kinachobaki baada ya punguzo zinazoruhusiwa. Yaani fomula inadhani sehemu hiyo ya mshahara ipo mfukoni ikisubiri kwenda sokoni, wakati mwenye nyumba, mafuta ya gari na mlezi wa mtoto wamekwisha kuichukua. Kadi hujazwa mara moja kwa mwezi, ndiyo maana wiki ya mwisho salio hunywea.

Tena kadi hiyo hainunui sabuni, nepi wala chakula cha moto. Kuku wa kuchoma akiwa bado wa moto dukani, haruhusiwi. Akishapoa na kuwekwa kwenye friji la duka, anaruhusiwa. Kanuni hiyo imetungwa kwa kumfikiria mtu mwenye jiko na muda, si mama anayetoka kazini saa mbili usiku.

Sasa bosi anamwongeza dola moja kwa saa. Kwa kila dola ya nyongeza, kadi ya chakula hupungua senti 24 mpaka 36, marejesho ya kodi ya wafanyakazi wa kipato kidogo hupungua senti 21, na makato ya hifadhi ya jamii huchukua karibu senti 8. Kinachobaki hakifiki nusu. Kama ana vocha ya nyumba, yaani msaada wa serikali unaomlipia sehemu ya kodi ya nyumba, kodi anayolipa mwenyewe nayo hupanda kwa karibu asilimia 30 ya nyongeza hiyo. Hapa wahafidhina wana hoja nzito kuliko popote: msaada uliopangwa hivi humwadhibu anayepanda. Jibu la upande wa pili ni kwamba dawa ni kuupunguza taratibu zaidi, jambo linalotaka fedha nyingi zaidi, na hao hao wanaolalamika ndio hukataa kuzitoa.

Kuhusu gari, niseme kwa ufupi. Miji mingi kule basi ni la kutafuta kwa tochi, hivyo gari bovu la miaka 15 ni kifaa cha kazi. Likikatika mkanda, zamu inapotea, kodi inachelewa, mwenye nyumba anafungua kesi, na mtoto anahama shule katikati ya muhula. Barua ya kuhuisha kadi ya chakula inakwenda anwani ya zamani. Isipojibiwa, kadi inazimwa ingawa familia bado inastahili. Kwa familia za Wakongo zilizohamishiwa Marekani kutoka kambi kama Nyarugusu ya Tanzania, mara nyingi mtoto ndiye anayesoma barua hizo. Sheria ya Julai 2025 iliwaondoa wakimbizi kwenye kadi hiyo mpaka wapate ukaazi wa kudumu.

Je, suluhisho ni kutoa fedha taslimu? Mwaka 2021 walijaribu. Nafuu ya kodi ya watoto ilipandishwa hadi dola 3,600 kwa mtoto wa chini ya miaka 6 na 3,000 kwa wakubwa, na kuanzia Julai hadi Desemba nusu yake ililipwa kila mwezi, hata kwa mzazi asiye na kipato. Kwa kipimo kipana kinachohesabu misaada, umaskini wa watoto ulishuka hadi asilimia 5.2. Seneta Joe Manchin, ambaye kura yake ilihitajika, akakataa kuiongeza muda bila sharti la kazi, na mwaka 2022 umaskini huo ukapanda tena hadi asilimia 12.4. Misaada mingine ya korona nayo ilikuwa imekwisha, kwa hiyo si haki kuipa nafuu hiyo sifa yote.

Wapinzani wa fedha taslimu wana silaha nyingine. Katika utafiti wa Baby's First Years, akina mama 1,000 maskini waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja dola 333 kwa mwezi, jingine 20. Baada ya miaka minne, watoto wa makundi hayo hawakuonyesha tofauti ya maana katika lugha wala tabia. Watetezi hujibu kwamba korona iliingia katikati ikavuruga kila kitu, na kwamba watoto waliofikiwa na stempu za chakula wakati zikisambazwa wilaya kwa wilaya miaka ya 1960 na 1970 walikua watu wazima wenye afya bora. Kwa maoni yangu, watetezi walijiponza kuziuza fedha hizi kama dawa ya ubongo. Dola 333 zinalipa kodi ya nyumba na kununua nepi, na hiyo ni sababu tosha.

Mahali nako kuna uzito. Timu ya mchumi Raj Chetty ilikuta mtoto wa tabaka la chini kabisa (moja ya tano ya chini kwa kipato) ana uwezekano wa asilimia 4.4 wa kufika moja ya tano ya juu akikulia jiji la Charlotte, na 12.9 akikulia jiji la San Jose. Waliohamia mitaa yenye umaskini mdogo kabla ya miaka 13 walikuja kupata kipato kikubwa zaidi kwa asilimia 31. Waliohama wakubwa hawakufaidika. Lakini kuhama ni kumwacha bibi anayelea watoto bure, na vocha ya nyumba huifikia karibu familia moja tu kati ya nne zinazostahili.

Leo nafuu ya kodi ya watoto ni dola 2,200 kwa kila mtoto, ila kwa mwenye kipato kidogo hukokotolewa kwa asilimia 15 ya mapato yanayozidi 2,500. Mama wa watoto wawili anayepata 10,000 kwa mwaka huambulia 1,125 kwa wote wawili. Familia yenye 100,000 hupata 4,400. Wanaoitetea fomula hii wanasema ndiyo inayomsukuma mama huyo aongeze saa za kazi.